Samaki wa Miguu ya Chuma

Kijiwe cha Iyunga kilikuwa benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la ushirika, kando ya barabara ya kwenda stesheni. Benchi lenyewe lilipigwa kwa mbao zilizosahauliwa na wajenzi wa reli, au tuseme hivyo ili Saulo muuza kahawa asiingie matatani. Ilikuwa Juni, na treni ya kwenda Dar es Salaam bado ilikuwa mpya kiasi kwamba watu waliacha shughuli zao kwenda kuitazama ikiondoka. Baridi ya Mbeya ilikuwa imekolea na wazee walishika vikombe kwa mikono miwili. Kati yao wote, aliyewahi kuiona bahari alikuwa Limbu peke yake, gadi wa treni. Hao wengine ndio waliokuwa wakiieleza.

Mwenye wasiwasi siku hiyo alikuwa Magesa, mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kutoka Usukuma akatua kwenye mbuga za Usangu. Mwanawe Seni alijifunza kuchomelea vyuma wakati reli inajengwa, kisha akaufuata ufundi huo mpaka pwani, kwenye mtambo wa kutafuta gesi uliosimikwa katikati ya maji huko upande wa Kilwa. Sasa Seni alikuwa ametuma neno kwa mdomo wa Limbu, aliyekuwa akifika mpaka Kilwa siku zake za mapumziko, na Limbu alikuwa anaondoka na treni ya mchana huohuo.

— Rudia tena, Limbu, Magesa alisema. Kama alivyosema mwenyewe.

— Mzee, nimerudia mpaka kahawa imepoa. Anasema hivi. Ule mtambo umesimama juu ya miguu ya chuma, imechomekwa mpaka chini kwenye mchanga. Walipouweka, chini hakukuwa na kitu. Baadaye chuma kikaota ukoga. Kwenye ukoga wakaja chaza na makome, wakagandamana hata chuma chenyewe hukioni. Wakaja samaki wadogo kula hapo, wakaja wakubwa kula wadogo.

— Na papa.

— Na papa nao, ndiyo. Sasa yale makome yakizidi, mguu unakuwa mnene na mawimbi yanausukuma vibaya. Lazima mtu afungwe kamba kiunoni, ashuke, akwangue. Aliyekuwa anakwangua ameacha kazi. Msimamizi akauliza nani amezoea maji, Seni akanyoosha mkono.

— Kwa nini ameacha, huyo wa kwanza?

— Hilo hakuniambia. Ila Seni anasema hashuki mpaka apate neno la baba yake.

Magesa alifurahi kwamba kijana hajasahau heshima, na papo hapo akatamani angekuwa ameisahau, maana sasa mzigo ulikuwa juu yake. Angesema ashuke na akapatwa na jambo, nyumbani angeingia kwa mlango upi?

— Mimi sioni tatizo, alisema Bartholomeo. Huyu alitoka Iringa, na kwa kuwa hakujua mfano mwingine duniani zaidi ya nyuki, kijiwe kilimbatiza jina la Mizinga. Unatundika mzinga mtupu juu ya mti, aliendelea. Nyuki wanakuja wenyewe, wanajenga, wanazaana. Mwaka unaofuata una makundi mawili. Hicho chuma ni mzinga wa samaki. Wamewapa nyumba, basi samaki wataongezeka bahari nzima.

— Hapana, Mizinga. Hilo ni lambo.

— Lambo gani tena?

— Kwetu walichimba lambo moja, Magesa alisema. Ng'ombe wa nchi yote wakahamia pale. Mgeni akipita anasema, aisee, hawa watu wana mali. Mali ipi? Hakuna ndama aliyezaliwa na lambo. Walikuwa ng'ombe walewale, wametoka kwao kukawa kutupu, wamekuja kusongamana pale. Majani yakaisha, ikabaki vumbi. Halafu unajua nani alikuja nyuma yao? Fisi. Usiku husikii kitu kingine. Sasa mnaniambia nimtume mwanangu akaoge kwenye lambo.

Limbu alikohoa.

— Kuna ukweli hapo, mzee. Wavuvi wa visiwa vile wanalalamika kwamba kwenye miamba yao ya siku zote nyavu zinarudi nyepesi. Wanasema samaki wamehamia mtamboni, na kule hawaruhusiwi kusogea. Wengine wanasema hapana, ni kelele za kuchimba ndizo zimewafukuza. Wengine wanalaumu lile tope linalomwagwa kutoka kwenye kisima cha gesi, kwamba linafunika chini kote. Nimewasikia wakibishana kama ninyi.

— Kelele, alidakia Yohane.

Yohane aliitwa Redio. Kila alichosema alidai kakisikia redioni, ingawa redio yake ilikuwa haina betri tangu Pasaka.

— Redio ilieleza hili vizuri. Chuma kikisimama majini kinavuma. Ninyi hamsikii, samaki anasikia. Anadhani anaitwa. Samaki wa Unguja wote wamefunga mizigo wanaelekea Kilwa.

— Si umesema kelele inawafukuza? Saulo aliuliza huku akimimina.

— Wa Unguja inawaita. Wa Kilwa inawafukuza, wameshaizoea. Na wakifukuzwa watakwenda wapi? Ruaha inaingia Rufiji, Rufiji inaingia baharini. Watapanda na maji. Ninyi wa Usangu kaeni tayari, mtavuna mpunga Ubaruku mkute changu amekaa kwenye jaruba.

— Na papa naye atapanda? Mizinga aliuliza.

— Papa hawezi. Papa amechoka.

— Amechoshwa na nini?

— Taa. Mtambo unawaka usiku kucha, au siyo, Limbu?

— Unawaka, ndiyo. Unauona kutoka mbali.

— Mmeona. Samaki wanaifuata taa, papa anawafuata samaki, hakuna anayelala. Mnyama asiyelala anakwisha nguvu za taya. Sasa hivi papa wa kule hata mkate unamshinda.

Watu walicheka. Magesa hakucheka, lakini alijikuta anamsikiliza Redio kwa makini kuliko ilivyostahili. Mtu akitaka sana kuambiwa jambo fulani, hachagui sana mdomo unaomwambia. Mizinga aliliona hilo, akasogea karibu, na sauti yake ikawa ya upole.

— Achana na Redio. Nisikilize mimi, ndugu yangu. Nyuki aliyeshiba asali haumi. Kundi likihama limejaza matumbo, unaliingiza mkono mtupu, haliumi. Nimefanya mwenyewe. Papa wa pale anaamka, chakula kiko mlangoni. Samaki kushoto, samaki kulia. Aache minofu laini amtafute Seni mwenye mifupa mitupu?

— Fisi aliyeshiba naye hupita mbali na mtu, Magesa alisema polepole.

— Si unaona? Umejijibu mwenyewe.

Limbu alitazama saa yake, akasimama na kukung'uta koti la kazi.

— Mzee, treni hainisubiri. Nimpelekee neno gani?

Magesa alivua kofia, akaishika mapajani. Alijua watu wote wanamtazama.

— Mwambie ashuke. Baba yake amempa baraka. Mwambie asikae huko chini muda mrefu.

— Nitamwambia.

Limbu alishika njia ya stesheni. Kijiwe kilipumua kama watu waliotoka kumaliza kesi, na Redio akaomba kikombe kingine kwa niaba ya Magesa. Hapo ndipo alipofika mama mmoja mwenye tenga la dagaa kichwani, amejifunga khanga mbili kwa ajili ya baridi. Jina lake Atuganile, mtu wa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, aliyekuwa akipanda Mbeya kuwauzia abiria dagaa. Saulo alimsaidia kulitua tenga.

— Ndaga, asante, mwanangu. Nipe ya moto. Mbona mmekaa kama mnaozesha?

Wakamweleza, wote kwa pamoja: chuma, ukoga, makome, samaki waliohama, papa aliyeshiba, kijana aliyepewa baraka. Atuganile alisikiliza mpaka mwisho, akipuliza kahawa yake.

— Sasa baba, alimuuliza Magesa, huyo kijana anajua kuogelea?

— Seni? Magesa alikaribia kutabasamu. Mama, huyo amekua anavuka Ruaha. Masika, mto umefurika mpaka huoni ng'ambo, na anavuka na ng'ombe wote.

— Anavukaje?

— Si kama wachungaji wote wanavyovuka? Unaswaga ng'ombe waingie majini, unashika mkia wa…

Hakumaliza. Alimtazama yule mama, na yule mama alimtazama bila kumcheka. Ndivyo alivyomfundisha Seni mwenyewe, tangu kijana ana meno ya utoto: shika mkia wa dume, fumba mdomo, usiachie, dume litakufikisha. Yeye pia alifundishwa hivyo na baba yake. Huko mbugani mtu aliyevuka namna hiyo aliitwa mtu wa maji, na hakuna aliyewahi kuuliza zaidi. Msimamizi alipouliza nani amezoea maji, kijana alijibu kweli tupu.

— Nauliza bila mkia, baba, Atuganile alisema taratibu. Kwetu ziwani mtoto tunamtupa kwenye maji tukiwa karibu, apige miguu mwenyewe. Huyu wa kwako amewahi kupiga miguu mwenyewe? Hiyo kamba ikikatika?

Magesa akageuka kwa wenzake. Mizinga alikuwa anaangalia ndani ya kikombe. Saulo alitikisa birika, likalia tupu. Katika benchi zima, lililokuwa limemaliza habari zote za bahari, hakuna aliyewahi kumwona Seni akiogelea, na hakuna aliyejua kuogelea yeye mwenyewe.

Injini ilipiga honi stesheni.

Magesa aliiacha kofia pale pale. Alikuwa hajakimbia tangu ahamie Usangu, na magoti yalimkumbusha hilo kwa kila hatua, lakini alikimbia. Alipita katikati ya wauza ndizi, akamsukuma mtu mwenye godoro, akasikia akitukanwa. Kule mwisho wa behewa la nyuma Limbu alikuwa amening'inia mlangoni, bendera ya kijani imeshakunjuliwa, na magurudumu yanaanza kusogea.

— Limbu. Neno lile usilifikishe.

— Nimwambie nini sasa, mzee?

Magesa alitembea sambamba na behewa, mkono mmoja ameshika chuma cha mlango, akitafuta pumzi ya kumweleza habari ya samaki, na ya fisi, na ya baraka aliyoitoa haraka mbele za watu. Treni ikaongeza mwendo na ikambidi aachie.

— Mwambie, alisema, baharini hakuna ng'ombe.