Mama Chapa na Karatasi za Maandishi Makubwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa tisa na nusu alasiri, mpiga chapa wa shule yetu atakabidhi funguo za chumba chake baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Wakuu sita wa shule wamekuja na kuondoka, na wote aliwachapia barua. Sisi tunamwita Mama Chapa. Wapo walimu wageni waliodhani ndilo jina la kwenye kitambulisho.

Alianza na taipureta iliyokuwa ikikwama kila kukiwa na baridi. Ikaja mashine ya kudurufu iliyompaka wino hadi viwiko, kisha kompyuta, ambayo mwanzoni aliigombeza kama mtoto mtundu. Walimu tulimletea mitihani kwa mwandiko wa kuku, naye akausoma wote. Mwalimu wa hisabati aliwahi kumrudia amsaidie kusoma alichoandika mwenyewe. Ukikosea kujumlisha alama, alifunga mlango kwanza ndipo akakueleza. Na kwa miaka yote hiyo, hakuna mtihani uliovuja kutoka chumbani mwake.

Sentensi hiyo ya mwisho naiandika uso ukiwa umenishuka, kwa sababu yupo mtu aliyewahi kumtuhumu kuvujisha mtihani. Ni mwalimu wa taaluma. Ni mimi.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na sheria yangu: mtihani mmoja, karatasi moja, maswali yabanwe yaenee. Nilikuwa pia na desturi ya kusoma matokeo mbele ya shule nzima, nikianzia wa mwisho. Binti yangu alikuwa darasa la nne, na kwa mihula mitatu mfululizo jina la kwanza kusomwa lilikuwa lake. Nyumbani nilimwita mvivu. Mama yake aliniambia, "Hesabu za kichwani anatushinda wote. Kwenye kusoma kuna kitu kinamsumbua." Nikamjibu kwamba anamdekeza. Wageni wakija, nilificha madaftari ya mtoto. Nilimwonea haya mwanangu, na hakuna jambo ninalolionea haya zaidi ya hilo.

Kila jioni binti huyo alinisubiri kwenye chumba cha chapa. Kinyozi hajinyoi: aliyegundua shida yake hakuwa baba mwenye cheti cha ualimu, bali Mama Chapa. Aliona mtoto akisoma vichwa vya habari vizuri, lakini akifika kwenye mistari iliyobanana anaruka maneno, anageuza herufi, anatokwa jasho. Akisomewa swali, alijibu bila kusita. Basi akachukua maswali ya mwaka uliotangulia, akayachapa upya kwa maandishi makubwa, matatu kwa karatasi. Akakata pia kadi ngumu yenye tundu la kuonyesha mstari mmoja tu. Wakawa wanasoma pamoja, taratibu, bila fimbo wala kicheko.

Karatasi hizo nilizikuta kwenye droo yake wiki ya mitihani. Sikuuliza vizuri, nilibeba lundo zima hadi kwenye kamati ya nidhamu ya shule. Mwenyekiti alimuuliza mara tatu zilikuwa za nani. Alijibu tu kwamba maswali ni ya zamani, wahakikishe. Walihakikisha, ikawa kweli. Hata hivyo, kwa kutumia vibaya karatasi za shule na kukataa kujibu, alipewa barua ya onyo, na kupandishwa cheo kukacheleweshwa miaka mitatu. Mimi nilitoka pale nimeridhika.

Mwaka uliofuata binti yangu alinisomea ukurasa mzima wa gazeti, kadi mkononi. Nikamuuliza nani kamfundisha. "Mama Chapa. Alisema usipouliza, nisikuambie." Tulimpeleka kwa mwalimu wa elimu maalumu, akatueleza kwamba ni ugumu wa kusoma, si uvivu wala upungufu wa akili, kwamba hauponi kama mafua, na kwamba mtoto hujifunza vizuri akipewa njia yake na muda wake. Leo yuko chuo cha upimaji ardhi. Bado anasoma polepole, na bado anaomba maandishi makubwa, kwa sauti, mbele za watu.

Desturi ya kusoma matokeo niliiacha. Kurudi kwenye kamati niliogopa. Nilipomuuliza Mama Chapa kwa nini alinyamaza, alisema, "Mwalimu, ningemtaja, wangemcheka mtoto kwanza, ndipo wakucheke wewe."

Mama, uliniomba wasifu huu uishie kwenye taipureta. Samahani, sikutii. Barua yangu ya kukiri iko kwa mkuu wa shule tangu Jumatatu, ingawa najua maji yakimwagika hayazoleki. Kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, asante kwa kila ukurasa. Mungu akujalie afya, usingizi mtamu na asubuhi zisizo na kengele. Na kamati iliyokuuliza mara tatu karatasi zile zilikuwa za nani, nami naijibu leo: zilikuwa za mwanangu.