Uso Wangu Ulipouza Mafuta

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Sitataja jina la mtu, na nyie mnaoyajua majina mnyamaze.

Ile miaka ya biashara huria, vitu vya nje vilipoanza kumiminika mjini, mume wangu alifungua duka la vipodozi Kirumba. Akaniletea kopo la mafuta ya kung'arisha. "Mke wa mwenye duka hawezi kuwa mweusi kama sufuria ya kuni," akaniambia. Nikapaka. Ndugu zangu, nawaambia, yalikuwa laini! Hayanati, yanateleza tu. Nikawa mweupe, akanisimamisha kaunta. Mteja akiuliza kama yanafanya kazi, mume wangu ananishika kidevu na kunigeuza huku na huku, kama mbuzi mnadani.

Kisha uso ukaanza kuwaka. Mashavu yakachubuka, yakatoa maji, yakaacha mabaka. Hakunipeleka hospitali. Alinificha stoo nisifukuze wateja. Halafu akaleta binti mwingine wa kusimama kaunta, akasema, "Rudi kwenu Kisesa. Hapa unanuka kidonda." Yule binti akacheka.

Nikarudi kwa mama. Nesi mmoja wa zahanati ya huko ndiye aliyenieleza. "Ulaini ule ni mafuta ya mawese, yameunganishwa na spiriti kiwandani ili yasinate." Spiriti, ndio. Msinitazame hivyo, sikunywa, nilipaka! "Hayo hayana kosa," akasema. "Kosa ni dawa ya kuchubua waliyoichanganya humo. Ulaini ulikufanya usiiogope." Nikauliza kama uso utarudi. Akajibu, "Kidonda kitapona. Uso wa zamani usahau."

Nililia mpaka nikachoka. Kidonda kilipokauka, nikabeba karai nikaenda kukaanga mapanki, ile mifupa ya sangara, mkabala na lile duka. Bila mtandio. Kila mwanamke aliyetoka na kopo nilimwita: "Dada, mimi ndiye niliyekuwa pale kaunta. Niangalie vizuri." Mume wangu akaja akamwaga maji machafu kwenye moto wangu. Nikawasha tena. Wateja wake wakapungua, akarudi kunibembeleza nihame. Nikamwambia, "Kama unataka mapanki, panga foleni." Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Siku moja yule binti akavuka barabara. Mashavu yameshaanza kuwa mekundu. "Dada, uso unawaka," akasema. Neno baya lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza, nikamsogezea kigoda upande usio na moshi.

Namshukuru yule nesi, mama yangu aliyenipokea, na nyie mlionunua mapanki yangu bila kukunja uso. Kitu kikiteleza vizuri, ulizeni kwanza kimebeba nini. Yule binti yumo humu leo, amejifunika. Msigeuke. Siku akitaka mumwone, atafunua mwenyewe.