Picha Tatu za Meli Iliyozama

Chuma kikienda chini, hupata wa kukivuta;
na machozi ya nyumbani, yakosa wa kuyafuta.

Mbele ya duka la fremu la Mzee Kinuthia, mtaani Pioneer, pana benchi la mbao ambalo Alhamisi hiyo alasiri lilikuwa limekaliwa na watu wanne, birika la kahawa likiwa miguuni pao na picha tatu zimeegemezwa ukutani. Kinuthia, ambaye kijiwe kilimwita Msumari, alikuwa amezinunua katika nyumba kuukuu ya shamba iliyokuwa ikibomolewa upande wa Timboroa. Zilikuwa picha za kale, zilizochapwa kwa wino mweusi. Katika moja, meli ya vita imelala ubavu na milingoti tu ndiyo inayoonekana juu ya maji. Katika ya pili, mashua mbili pana zimeinama kwa uzito wa minyororo iliyoshuka kilindini. Katika ya tatu, meli imesimama wima na umati wa watu wenye kofia ndefu unaitazama. Maelezo yalikuwa yameandikwa pembezoni. Kinuthia aliyakata kwa kisu ili picha zienee kwenye fremu, na sasa hakuna aliyejua meli ilikuwa ya nani, wala picha ipi ilianza na ipi ilimaliza.

Kushoto kwa Kinuthia aliketi Nicanor, mwalimu mstaafu, jina lake la kijiweni Redio kwa kuwa hapakuwa na wa kumzima. Kulia alikuwa Kimeli, mwenye gari la kuvuta magari yaliyoanguka mitaroni. Huyo walimwita Winchi. Mwisho wa benchi alikuwa Opondo, fundi wa kuchomelea vyuma, na kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu lori lirudi nyuma na kutumbukia katika machimbo ya zamani yaliyojaa maji, kwenye njia ya Kesses. Dereva aliruka. Utingo wake, Kevin, mdogo wake Opondo, hakuruka. Wapiga mbizi walikuja mara mbili, wakasema matope ya chini ni mengi, wakaondoka. Sasa wazee wa nyumbani Ugenya walikuwa wamepanga kwamba Jumamosi watazika yago, lile tunda refu la mvungunya ambalo Wajaluo huliweka kaburini mahali pa mtu asiyepatikana. Likishazikwa, hakuna atakayemtafuta Kevin tena. Walimtaka Opondo akubali kwa simu kabla ya jioni. Hakuwa amewapigia, kwa kuwa gari la Kimeli lilikuwa na winchi, mashine ya kebo ambayo ingeweza kulivuta lori.

Redio ndiye aliyeanzisha. Alisema kwanza kwamba meli ile iliinuliwa kwa ngozi za ng'ombe zilizojazwa hewa. Alipoona wanamsikiliza, aliongeza kwamba ng'ombe wenyewe walipelekwa huko kwa miguu, wakavuta kutoka ufuoni mwezi mzima. Mwishowe akadai kwamba mashua zilifungwa minyororo wakati bahari imeshuka, kisha bahari ikapanda yenyewe na kuibeba meli.

— Maji yapande yenyewe? Kimeli aliuliza. Mwalimu, hiyo kahawa yako umeweka nini?

— Bahari hupanda na kushuka kila siku. Nimefundisha jiografia miaka thelathini.

— Ulifundisha Kesses. Bahari uliionea wapi huko?

Walicheka, Redio mwenyewe pia, kwa kuwa katika wote wanne hakuna aliyewahi kuiona bahari ikipanda. Opondo hakucheka. Alisema mvua imekaribia na machimbo yatajaa. Mtu akilifunga lori kwa mapipa matupu leo, maji yakiongezeka yatalinyanyua.

— Mapipa niko nayo, alisema. Kuyaziba ni kazi yangu. Shida ni mnyororo ufike chini tu.

Kimeli aliinuka, akaichukua picha ya tatu akaiweka mwanzo, na ya kwanza akaiweka mwisho.

— Ilikuwa hivi, alisema. Meli ilikuwa imesimama, wakaifunga, wakailaza. Hawa walikuwa wanazamisha.

Opondo alizirudisha. Kimeli alizigeuza tena. Safari hii Opondo alimshika mkono.

— Winchi, sema tu hutaki kuja.

Kimeli aliutazama mkono uliomshika.

— Kebo yangu inafika. Lakini lazima mtu ashuke kuifunga, na najua ni wewe utashuka. Mimi sitakupeleka huko, Opondo. Mama yenu abaki na nani?

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni, Mama Chelimo, mkulima aliyekuja kutafutia fremu picha ya mumewe marehemu. Alikuwa amezitazama zile picha kwa muda mrefu kuliko wao.

— Na wale waliokuwa ndani ikizama, aliuliza, wako katika picha gani?

Kinuthia alivaa miwani. Mchoraji alikuwa amechora kila pingili ya mnyororo, na kofia ya kila mtazamaji, na mbwa aliyeketi ufuoni. Walipekua picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hawakumwona hata mmoja wa waliozama.

— Labda walitajwa katika yale maandishi, Kinuthia alisema polepole. Vile vipande niliwashia jiko.

Opondo alisimama, akapiga simu Ugenya. Aliongea akiwa ameupa ukuta mgongo.

— Chimbeni, alisema. Yago mtafute refu. Kevin alikuwa mrefu.

Mvua ilianza kwa matone mazito. Birika lilikuwa tupu. Kimeli alienda kwenye gari lake bila kuaga, Redio akajifunika gazeti na kushika njia ya kwake, Kinuthia akaziingiza picha dukani moja moja na kubaki humo. Waliosalia wamesimama nje walikuwa wawili: Opondo, na Mama Chelimo, ambaye Opondo alikuwa bado hajamjua jina.