Miti Arobaini na Mmoja Hadi kwa Kuriakose

Marehemu Aleyamma Kuriakose, ambaye kijiji kizima kilimwita Ammachi, alizaliwa tarehe 14 Februari 1944 huko Ramapuram, Kerala, mtoto wa tatu wa Ouseph na Mariam. Alisoma hadi darasa la saba, akaacha ili amuuguze mama yake.

Tarehe 12 Januari 1965 aliolewa na Kuriakose, mgema mpira. Kwa miaka thelathini na minane walitoka pamoja alfajiri, mume akichanja magome, mke akikinga utomvu kwa vifuu. Kuriakose alifariki mwaka 2009, akazikwa uani mwa kanisa, mpakani mwa shamba lao. Kila Ijumaa Ammachi alimpelekea mshumaa.

Tarehe 3 Juni 2023 alilazwa kwa nimonia, na maambukizi yakaingia kwenye damu. Baada ya siku ishirini na mbili alirudi nyumbani hawezi hata kuinua kijiko. Mkwewe, Sosamma, alimlisha uji wa mchele, akamwogesha, akamkataza kukanyaga chini. Ndivyo mgonjwa anavyoheshimiwa kwetu. Miguu ikazidi kukonda.

Nesi Ambika, aliyewazungukia wagonjwa majumbani kila Jumanne, alishika kiuno.

“Wee Sosamma, unamlea kama kifaranga! Mpe kijiko ashike mwenyewe.”

“Akimwaga je, dada?”

“Kuku wapo.”

“Umesikia, mwanangu?” Ammachi akadakia. “Kuku wana njaa, na mimi Ijumaa nina miadi.”

Kutoka mlangoni hadi kaburini kuna miti ya mpira arobaini na mmoja. Alianza na mmoja. Sosamma alimfuata na kiti cha plastiki, akiuma mdomo asije akamshika mkono. Septemba alifika wa kumi na tisa. Ijumaa, tarehe 10 Novemba, alifika kaburini kwa miguu yake.

“Nimechelewa,” alimwambia mumewe, “usininunie.”

Alikwenda Ijumaa nyingine kumi na mbili. Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, moyo wake ulisimama akiwa katika usingizi wa mchana.

Ameacha mwana, Thankachan, mkwe, Sosamma, wajukuu wawili, na dada yake, Eliamma. Kiti bado kiko chini ya mti wa mwisho. Sosamma hajapata moyo wa kukirudisha. Asubuhi hii, jeneza lilipopita njia ileile, alikuwa akihesabu miti kimya kimya.

Leo ni Ijumaa. Apumzike Ammachi wetu kando ya Kuriakose; hajachelewa.