Bibi Matumbo na Kosa Alilotaka Litangazwe

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu, na kama mnakula, malizeni kwanza. Sitanii. Leo nitataja matumbo ya samaki, tena zaidi ya mara moja. Tunamkumbuka mwanamke aliyemaliza miaka kumi na tisa ya mwisho ya maisha yake akiwa ameingiza mkono ndani ya samaki. Sokoni walimwita Bibi Matumbo. Amefariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja, na tumemzika Jumamosi.

Kwa kawaida kipindi hiki ni cha upole. Leo msitegemee upole mwingi. Nimetoka mazishini na kichefuchefu, na mpaka sasa hakijanitoka. Nitawaeleza sababu, nanyi mtapima wenyewe.

Bibi Matumbo alikuwa mtafiti wa samaki wa pwani. Kazi yake ilikuwa kujua samaki wanaishije, wanazaanaje, na mtoto huyu baba yake ni yupi. Samaki wake mkuu alikuwa chewa. Mnamjua chewa. Mdomo mpana, madoadoa, sura ya mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

Alipokuwa na miaka thelathini aliandika ripoti, na ripoti hiyo ikazaa kanuni. Chewa aliye chini ya sentimita hamsini asivuliwe. Akizidi hapo, ruksa. Ndiyo ile ya "Mdogo mwache, mkubwa mchukue." Tangazo lake limepigwa katika redio hii kwa miaka ishirini na mitano, kila siku, kabla ya taarifa ya habari ya saa saba mchana. Watoto wanaliimba wakiruka kamba. Na sauti inayolisema ni hii hii mnayoisikia sasa. Ni yangu mimi. Nitarudi hapo.

Kanuni ile ilikuwa kosa. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: kanuni ya chewa ilikuwa kosa, na aliyekosea ni marehemu tunayemkumbuka. Simchafui. Alilisema mwenyewe, na kwa miaka kumi na tisa aliomba apewe nafasi alitangaze.

Alikoseaje? Alikosea kwa sababu ya kinyaa.

Mumewe ni fundi saa. Nilimkuta Jumapili mezani kwake, kioo chake cha kukuzia kikiwa bado jichoni, ila hakuwa na saa mbele yake. Aliniambia hivi: "Nilipomwoa, mke wangu alikuwa hawezi hata kumtoa dagaa kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa napaa samaki. Yeye anakaa sebuleni, dirisha wazi, ananiuliza, umemaliza? Umefuta meza? Na huyo ndiye msomi wa samaki." Alicheka kidogo, halafu akakitoa kile kioo akakifuta.

Basi yule msomi kijana hakukaa sokoni. Aliingia mara mbili tu, koti jeupe mwilini, leso puani. Samaki wake aliletewa na karani, wakiwa wameshaoshwa, ndani ya chumba kisafi chenye feni. Chumba hicho cha chuo alikipata miezi miwili kwa mwaka, wanafunzi wakiwa likizo. Wadogo walikuja wazima. Akawapasua, akakuta mifuko ya mayai imenywea, akaandika: watoto hawa, bado hawajakomaa. Wakubwa walikuja wakiwa wameshatumbuliwa huko huko majini, maana tumbo la chewa mkubwa huoza haraka na kuharibu nyama. Ndani mwao hakukuwa na kitu cha kuona. Akadhani hao ndio akina mama.

Kumbe ile miezi ya likizo ndiyo iliyofuata majira ya kuzaa. Mifuko ya wale wadogo ilikuwa imenywea kwa sababu mayai yalishatoka wiki chache nyuma. Aliwaona wazazi waliochoka, akawaandika watoto. Angekaa kwenye meza za kutumbulia samaki mwaka mmoja tu, angejua. Ila zile meza zilikuwa zinanuka.

Miaka ishirini na miwili ikapita. Wavuvi walifuata kanuni, na chewa wakazidi kupungua. Ofisi ya uvuvi ikasema wavuvi ni wezi. Bibi wetu, sasa mtu mzima mwenye cheo na miwani, akasema atakwenda sokoni kuwakamata wezi mwenyewe. Alichukua rula.

Meza ya tatu kutoka mlangoni ilikuwa ya mpaa samaki mmoja ambaye soko zima linamwita Shangazi. Yupo mpaka leo, amekula chumvi nyingi, kisu bado kinamsikiliza. Juu ya meza yake siku ile kulikuwa na chewa wa sentimita thelathini na nne, aliyefia wavuni. Mtafiti akampima, akauliza ni nani aliyeleta mtoto huyu hapa.

Shangazi alinisimulia hivi: "Nilimpasua yule samaki mbele yake. Mayai yakamwagika mezani, mengine yakamrukia kwenye mkono wa koti. Nikamwambia, haya, Daktari, mtoto wako ana mimba."

Halafu Shangazi akavuta chewa mkubwa. Siku hizo vyombo vilishaanza kubeba barafu, kwa hiyo wakubwa walifika na matumbo yao. Akampasua. Ndani kulikuwa na ute mweupe, ule wa dume. Akapasua wa pili, dume. Wa tatu, dume. Shangazi akamwambia, "Wakubwa wote ni wanaume. Wadogo wote ni wanawake. Mimi nimekata samaki tangu nina meno ya utotoni, na siku zote ni hivyo."

Mtafiti akauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulipita hapa umeziba pua."

Wasikilizaji wapendwa, hili nitalieleza polepole, kwa sababu hata mimi lilinichukua muda. Chewa huanza maisha akiwa jike. Wote. Anazaa akiwa mdogo, anazaa tena, anakua. Wachache wanaokua zaidi hugeuka madume. Dume mmoja anakaa na majike wengi, anawalinda na anayarutubisha mayai yao. Akiondoka, jike mkubwa kuliko wenzake anabadilika, taratibu, mwili mzima, na kuchukua nafasi yake. Aliyekuwa mama anakuwa baba. Sasa tazameni kanuni yetu. Mdogo mwache, mkubwa mchukue. Maana yake tumekuwa tukiwatoa baba wote baharini, na kila anayejitahidi kuwa baba tunamtoa naye akishafika sentimita hamsini. Mayai yanabaki yakielea, hayana mwenyewe.

Alirudi nyumbani siku ile na koti lenye mayai. Mumewe anasema hakulivua. Alikaa jikoni nalo mpaka likakauka na kuwa gumu. "Nikamwambia, lete nikufulie. Akaniambia, liache linuke, nimelistahili."

Kuanzia hapo akawa Bibi Matumbo. Kila asubuhi alisimama meza ya tatu, kando ya Shangazi, bila glavu. Samaki aliyevimba, samaki aliyepasuka, samaki mwenye minyoo, wote aliwachokonoa. Aliweka vipande vya mapezi kwenye spiriti ili vichunguzwe vinasaba. Alichukua samaki wachanga mia sita kutoka ghuba yetu. Akawalinganisha na wengine mia sita ambao yeye mwenyewe aliwahifadhi kwenye chupa ujanani. Wale wa zamani walikuwa na baba zaidi ya mia mbili. Wale wa sasa walikuwa na baba kumi na mmoja. Narudia: samaki wachanga mia sita, baba kumi na mmoja.

Alipeleka karatasi zake ofisi ya uvuvi.

Walimpiga danadana. Wakasema kanuni imeshazoeleka. Wakasema imepata tuzo, na cheti kimetundikwa ukutani, tutakishusha vipi? Mkurugenzi alikuwa na kichupa cha marashi mezani, na kila Bibi Matumbo alipotoka alipuliza chumba kizima, tena kabla mlango haujafungwa, ili asikie. Mwisho wakazitupa chupa zake za spiriti, zile za ujanani, kwenye pipa la nyuma, eti zinanuka. Alizitoa moja moja kwa mikono yake akazipeleka nyumbani. Zipo mpaka leo, zimepangwa kwenye kabati la mumewe, katikati ya saa za watu.

Binti yao ni muuguzi. Aliniambia, "Nilipokuwa shuleni hakuna aliyetaka kukaa na mimi. Ndiyo maana wadi hazinisumbui. Hakuna donda lililowahi kunuka kumshinda mama." Alisema hivyo akitabasamu, na machozi yanamtoka.

Sasa nakuja kwangu mimi. Niliahidi.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, Bibi Matumbo alistaafu. Siku iliyofuata alikuja hapa studio. Alikuwa ameoga, amevaa gauni la kutokea, ila harufu ilikuwa imeshaingia kwenye kucha na nywele. Fundi mitambo alifungua mlango. Mimi nilivuta kiti nyuma. Aliona. Aliomba dakika moja tu, aseme kwa sauti yake mwenyewe kwamba alikosea. Tukamrekodi.

Kabla hatujaurusha mkanda ule, simu ikapigwa kutoka ile ofisi. Wakasema tuchague, mama huyo au malipo ya tangazo. Nikauweka mkanda kwenye droo. Alipokuja kuuliza nikamwambia, "Wiki ijayo, Mama." Alikuja mara nne, na mara nne nikamwambia wiki ijayo. Kisha akaacha kuja. Na mimi nikaendelea kuwaambia mdogo mwache, mkubwa mchukue, kila siku saa saba, nikijua. Mkiniuliza kinyaa ni nini, sitawaelekeza sokoni. Nitawaonyesha hiyo droo.

Binti yake anasema wiki ya mwisho mama alimwuliza, "Lile langu la redioni limeshatoka?" Binti alitaka kumwambia limetoka, ili mama apumzike. Akashindwa. Akamwambia, "Bado, mama." Bibi Matumbo akasema, "Basi huenda ni wiki ijayo." Hakuna aliyejua kama alikuwa anatania.

Na Jumamosi mkurugenzi alikuja mazishini. Yule yule wa marashi. Alisimama mbele ya jeneza, akafuta machozi ambayo mimi sikuyaona, akasema tumempoteza mama wa kanuni ya chewa. Alileta shada la maua lenye utepe mpana wa dhahabu, na juu ya utepe kumeandikwa maneno yangu: Mdogo mwache, mkubwa mchukue. Watu wakapiga makofi. Maneno ambayo marehemu aliyakimbia miaka kumi na tisa, wakamlaza nayo kifuani.

Fundi saa akasimama. Hakupandisha sauti. Alitoa mfukoni kile kikoleo chake kidogo cha kushikia skrubu za saa, akachomoa pini za utepe, moja baada ya nyingine. Zilikuwa sita. Watu wote walimngoja. Akaukunja utepe vizuri akamkabidhi mkurugenzi. "Huu ni wako," alisema. "Maneno haya mke wangu aliyarudisha zamani, mkakataa kuyapokea."

Shangazi alikuwa nyuma, na magamba ya samaki bado kwenye viatu. Ni yeye peke yake aliyesema, "Sawasawa."

Wasikilizaji wapendwa, natoa pole kwa mzee wetu fundi saa. Natoa pole kwa binti yake muuguzi, na kwa Shangazi wa meza ya tatu, aliyepoteza mwenzake wa kazi. Kwenu ninyi familia siombi msamaha hapa hewani, mbele ya watu, kujikosha. Nitakuja nyumbani, na mkitaka kunifungia mlango, fungeni.

Kwetu sisi wengine naomba tulitafakari jambo moja tu. Yule mama aliziba pua akiwa na miaka thelathini, na alipojua, aliutoa mkono puani akaupeleka penye uvundo. Sisi tulikuwa tunamzibia nani?

Leo tangazo la saa saba halikupigwa. Wengine mmepiga simu kuuliza. Halitapigwa tena kwa sauti yangu, na kama kesho mtasikia sauti nyingine katika kipindi hiki, mtajua sababu. Mkanda nimeutoa kwenye droo asubuhi hii. Ni dakika moja. Fundi mitambo, weka.

"Mimi ndiye niliyeandika ile kanuni ya chewa. Nilikosea. Wale wadogo mnaowaacha ndio mama. Wakubwa mnaowachukua ndio baba, na wao pia walikuwa mama zamani. Tukiwamaliza wakubwa, mayai hayatakuwa na baba. Waacheni wakubwa. Wadogo chukueni kwa kiasi, na miezi ya kuzaa msiwaguse kabisa. Aliyenifundisha haya ni mpaa samaki wa meza ya tatu, si kitabu. Na ninyi wavuvi mlioitwa wezi kwa ajili yangu, nisameheni. Hamkuiba. Mimi ndiye ambaye sikutazama. Ni hayo tu. Imeingia vizuri, mwanangu? Naona umekaa mbali. Kama haikusikika, nitarudia."