Baba Chini ya Tenga

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la Bi Tumirah, hapa kona ya mtaa wetu mjini Solo, ubavuni mwa fundi tairi, basi masikio yako bado mazima, mshukuru Mungu. Benchi lina miguu mitatu na tofali. Kahawa inakuja kwenye bilauri, nyeusi tii, machicha yamelala chini, na ukikoroga hovyo utatafuna. Siku ile ilikuwa ya tatu ya Idi, na sote tumeshiba mpaka tunapumua kwa zamu. Alikuwapo Mzee Kromo, tunamwita Jemadari, aliyelinda geti la kiwanda cha sukari maisha yake yote na hajawahi kusikia hata baruti. Alikuwapo Wagiyo, tunamwita Wakili, fundi miavuli. Aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, na tangu hapo sheria haijamtoka mdomoni. Na mimi, Redio. Kwa nini Redio, usiniulize, tutachelewa.

Ndipo akaja Sugimin, yaani Masharubu. Masharubu yake huingia mlangoni kwanza, mwenyewe anafuata. Anafanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe huko Kalimantan, ng'ambo ya bahari, huku anakuja Idi hadi Idi. Hakusalimia mtu. Alikibwaga kitabu cha watoto juu ya sahani ya tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga.

— Someni wenyewe!

Tukakiinamia. Kwenye jalada, mtoto wa kike kavimbisha mashavu, mikono kiunoni. Ndani, mtoto kamkasirikia baba yake, na kadiri anavyokasirika baba anapungua, anapungua, mpaka anakuwa saizi ya jogoo. Mtoto anamfunika kwa tenga la kuku na kumrushia punje za mpunga. Halafu kuna mtu alikuwa amemchorea yule baba masharubu ya kalamu, kila ukurasa.

— Masharubu haya yamechapwa au? nikauliza.

— Ratri huyo! Mwanangu mwenyewe, miaka mitano! Mwalimu wa chekechea kampa kitabu akasome likizoni. Tazameni matunda yake.

— Kafanyaje tena?

Masharubu akaketi. Benchi likalia.

— Asubuhi ya Idi, ukoo mzima sebuleni. Ratri kampigia bibi yake magoti, kaweka paji la uso mapajani mwake, kaomba msamaha. Sungkem safi! Kaenda kwa mama yake. Kaenda kwa wajomba. Kuna shangazi wa Klaten hata hamjui, naye kapigiwa magoti. Kafika kwenye kiti changu. Nimekaa, nimenyoosha sarong kiunoni, nimeandaa na mkono wa kumbariki. Kapita.

— Kapita?

— Kapita kama anapita nguzo ya umeme! Mama mkwe akamwuliza, mbona humwombi baba msamaha? Eti, "Yeye hajaniomba." Mbele za watu!

— Loh!

— Na tangu siku hiyo haniangalii. Basi langu la kwenda bandarini linapita hapa saa tisa leo. Nikipanda bila huyu mtoto kunipa mkono, ndiyo mpaka Idi nyingine.

Hayo ya mwisho aliyasema polepole, huku anajifuta pua. Tungekuwa watu tungeyasikia. Lakini kijiwe chetu hakisikii mtu anayesema polepole.

— Hii ni vita, akasema Jemadari. Vita ya kichwani. Adui wa siku hizi haji na bunduki, anakuja na kitabu chenye picha. Anaanza na sungkem. Mtoto asipompigia baba magoti leo, kesho haisalimii bendera. Keshokutwa nchi imekwenda.

— Acha zako, mzee. Nchi iende kwa mtoto wa chekechea?

— Mtoto wa nyoka ni nyoka!

— Sasa nyoka hapo ni nani? akauliza Masharubu.

Jemadari akanywa kahawa.

— Tuliangalie kisheria, akasema Wakili, akavuta sigara yake ya karafuu hadi mashavu yakaingia ndani. Kwanza, baba kapunguzwa bila ridhaa. Pili, kafungwa bila hati. Tatu, haya masharubu: bila masharubu ni baba yeyote, lakini yakishachorwa ni wewe, mtaa mzima unakujua. Hapo umekashifiwa. Tunamshtaki aliyeandika, aliyechora, mwalimu, na aliyeuza kalamu.

— Na Ratri?

— Ratri shahidi wetu.

Mimi nami nisibaki nyuma. Nikawaambia waache siasa na mahakama, watafute nani anafaidika. Nani anafaidika baba akizoea kufunikwa? Wenye nyumba za kutunzia wazee! Wao ndio wanaochapisha vitabu hivi, nikasema. Leo tenga, kesho unafungwa kwenye kitanda cha chuma, unaletewa uji. Mtoto kafundishwa mapema, hata haoni aibu. Samaki mkunje angali mbichi.

— Kweli kabisa! akasema Masharubu, naye alikuwa tayari kuamini lolote.

— Na wino, nikaongeza, maana nilikuwa nimeshapanda. Nusa. Mwekundu huu una kitu. Mtoto akinusa, hasira inapanda.

Jemadari akanusa. Akasema kweli, hata yeye ameanza kumkasirikia marehemu baba yake.

Bi Tumirah alikuwa anageuza tempe. Hakuinua kichwa.

— Mzee Kromo, juzi ulikuja mlangoni kwangu kuniomba msamaha wa nje na wa ndani.

— Ndiyo, mama. Desturi.

— Wa kosa gani?

— Wa yote.

— Lipi katika yote?

— Ah, Bi Tumirah! Yote ni yote. Ukianza kuchambua, Idi haitaisha.

— Basi nimekusamehe yote, akasema. Ila kuna moja nalijua, na hukulitaja.

Jemadari akawa na shughuli kubwa na kiatu chake. Wakili akacheka, Bi Tumirah akamtazama, naye akaacha.

— Tusitoke nje ya mada, akasema Wakili. Kitabu kichomwe.

— Kichomwe! akasema Jemadari. Hasira hasara!

— Kichomwe hapa hapa, kwenye jiko la tempe, nikasema mimi. Ratri akiona majivu, atakuja mwenyewe kupiga magoti.

Masharubu alikishika kitabu juu ya moto. Nawaambia ukweli, angekichoma, na sisi tungepiga makofi.

Pale ukingoni mwa benchi alikuwa amekaa mtu tusiyemjua, msafiri wa kwenda Madiun. Pikipiki yake ilikuwa kwa fundi, tairi limemwishia upepo. Alikuwa anakunywa kahawa yake kimya kimya, jambo ambalo hapa kwetu linatia shaka.

— Samahani kaka, nikitazame kabla hakijaungua.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni! akafoka Jemadari, akimaanisha sijui nini.

Mgeni akakichukua, akafunua taratibu. Akapitisha kidole kwenye picha.

— Kinaishaje?

Jemadari akachukua kipande cha tempe.

— Wewe umekisoma mpaka wapi, kaka? mgeni akamwuliza Masharubu.

— Mpaka hapo kwenye tenga. Damu ilinipanda.

— Na wewe, Wakili? nikauliza mimi.

— Kesi kama hii haihitaji kusomwa mpaka mwisho.

Mgeni hakubishana. Akageuza kitabu kwetu.

— Na hili la zambarau ndani ya tenga, pembeni ya baba, nalo limechapwa?

— Hayo madoa, akasema Masharubu. Kalamu za Ratri hizo. Anachafua kila kitu.

— Doa lenye mdomo na miguu miwili? Tazama. Na ukurasa huu lipo. Na huu. Hiki kifaranga, kaka. Mna kifaranga cha zambarau nyumbani?

— Kifaranga gani cha zam... Masharubu akaanza, kisha akageuka kutazama upande wa nyumbani kwake.

Nyote mnawajua wale vifaranga wanaouzwa mlangoni mwa shule, wamechovywa rangi, huyu kijani, huyu waridi. Mtoto analia mpaka anunuliwe, na baada ya siku chache mnamzika nyuma ya choo. Basi ikawa mke wa Masharubu alimnunulia Ratri mmoja wa zambarau mwaka jana, mume alipokuwa Kalimantan. Huyo hakufa. Alilala kwenye boksi la viatu kando ya kitanda, akalishwa wali mkononi, rangi ikapukutika, akawa kuku mweupe, mnene. Haya yote Masharubu aliyasema vipande vipande, akimtazama mgeni kana kwamba mgeni ndiye aliyekuwa anamsimulia yeye.

— Mke wangu aliniandikia. Mimi nilisahau. Nimefika siku mbili kabla ya Idi, nimechoka, nimeona uani kuku kanona...

Akajishika masharubu.

Sasa niwaambie kitu. Idi ile, nyumba iliyosifiwa kwa opor, kuku wa nazi, mtaa mzima ilikuwa ya Masharubu. Kuku kaiva, tui zito, mchaichai unausikia toka barabarani. Jemadari alikula paja. Wakili alipewa paja la pili, akasema lazima ni kuku aliyetunzwa, nyama yake haina uchungu. Mimi nililamba bakuli. Na Ratri alisimama pale mlangoni wakati wote tunakula, hakutaka hata kijiko, nasi tukamtania kwamba anaringa.

— Mtoto alikuwapo ulipomchinja? akauliza mgeni.

— Alikuwa amelala mchana. Alipoamka akanikuta nanyonyoa. Akaniuliza, "Baba, huyo nani?" Nikamwambia, kuku. Nikacheka.

Mafuta ya tempe tu ndiyo yalikuwa yanasema.

— Alikuwa anaitwaje? akauliza mgeni.

— Nani?

— Kuku.

Masharubu akafungua mdomo. Masharubu yakapanda, yakashuka. Akanitazama mimi, mimi nikamtazama Wakili, Wakili akamtazama Jemadari. Watu watatu tuliokuwa na majibu ya nchi, ya mahakama na ya wino! Jina la kuku tuliyemla hatukuwa nalo.

— Mwanao anamwita jina mwaka mzima, akasema Bi Tumirah taratibu. Na mimi nililetewa bakuli langu, nikala. Sikuuliza.

Fundi akapiga mluzi, tairi tayari. Mgeni akaweka kitabu mapajani mwa Masharubu, akamshika bega, akaenda zake. Hata jina lake mwenyewe hatukumwuliza.

Masharubu aliinuka bila kumaliza kahawa. Nyumba yake ni ya nne toka hapa, ua wake tunauona wote. Tulimwona akiingia, akapita begi lake lililofungwa tayari kibarazani, akaenda hadi nyuma ya kisima ambako tenga la mianzi la yule kuku lilikuwa limelala tupu tangu achinjwe. Akaliinua. Akatazama huku na huku, akachuchumaa, akajifunika. Lilimfika kiunoni. Mwanamume mzima, sarong ya Idi, mchana kweupe, jirani anaanika nguo.

— Kachanganyikiwa, akanong'ona Wakili.

— Nyamaza, akasema Jemadari. Ilikuwa amri yake ya kwanza yenye maana.

Ratri akatoka mlangoni amekunja ngumi mbili. Akasimama mbali. Masharubu alikuwa anasema kitu mle ndani ya tenga, tena na tena, na kutoka kwetu kilikuwa hakisikiki. Mtoto akasogea hatua, akasimama. Akasogea tena. Mara akachuchumaa, akaweka mdomo kwenye tundu la tenga, akasema neno moja fupi. Baba akalirudia. Mtoto akatikisa kichwa, kakosea. Akasema tena, baba akarudia, na hapo tukaona mabega ya yule mtu mkubwa yakitikisika hadi mianzi ikalia.

Basi la bandarini likafika kona, likapiga honi mara mbili, likaondoka. Tenga halikuinuka. Ratri alikuwa amepitisha mkono mmoja ndani ya tundu, na alikuwa bado anaeleza, anaeleza, mwaka mzima wa mambo ya kuku.

Sisi bilauri zetu zilikuwa machicha matupu. Jemadari akakohoa, akasukuma yake mbele.

— Mama, tuongeze kidogo.

— Kahawa ipo, akasema Bi Tumirah, akaweka mfuniko juu ya birika na mkono juu ya mfuniko. Nendeni kwanza pale mkamwulize mtoto jina la mliyemla. Mkirudi nalo, nitawamiminia, na mimi mniambie.

Ni nyumba ya nne tu. Tulikaa hadi magharibi na bilauri tupu.