Kitabu Kisichokatwa Sikio

Benchi letu lilikuwa Kakuma mjini, kando ya barabara ya Lodwar kwenda Lokichoggio, au Loki, kule mpakani, mbele ya duka la Abdikafi, mahali ambapo kivuli hukaa mpaka saa tisa. Mguu mmoja wa benchi ulivunjika zamani, tukauwekea tofali. Timiro alituuzia kahawa ya tangawizi, nami nilikuwa na sanduku langu la kushonea viatu mwisho wa benchi, kwa hiyo hakuna uongo uliosemwa pale ambao haukupita kwangu. Nazungumzia Agosti ya mwaka 2013, kabla mambo hayajaharibika tena ng'ambo ya mpaka, upande wa Juba. Nikizikumbuka siku zile natamani hata vumbi lake.

Siku hiyo Ruot alikuja amekumbatia kitabu. Ruot alikuwa Mnuer, mwalimu wa shule moja ya kambi ya wakimbizi, na tulimwita Mwalimu Kesho kwa sababu ya hadithi aliyotusimulia mara mia bila kuimaliza. Hakuujua mwisho wake. Alipokuwa na miaka kumi na tatu, padri wa shule ya misheni kwao aliwasomea kutoka kitabu cha Kiingereza cha kale. Mpiga upinde alikwenda vita vya mfalme, akakaa huko miaka ishirini, kisha akaanza kurudi kwa miguu. Akavuka mito mitatu. Akapanda kilima, akaona moshi juu ya nyumba ya mama yake. Hapo padri akafunga kitabu, akasema tutaendelea kesho. Usiku huo vita viliingia, watoto wakatawanyika, na Ruot hakumwona tena padri wala mama yake.

Sasa nakala nyingine ya kitabu kilekile ilikuwa imetokea ndani ya katoni ya vitabu vya msaada. Jalada la kijani, mwaka 1871. Ruot alitueleza kwamba Waingereza wa enzi za Malkia Viktoria walikuwa wakisaka vitabu vya mababu zao vilivyobaki kimoja kimoja duniani, wakavichapa upya nakala chache na kugawana wenyewe. Nakala za hiki zilichapwa sitini tu, na hii ilikuwa ya arobaini na moja, namba imeandikwa kwa wino. Karatasi zilikunjwa na kushonwa bila kukatwa kingo, msomaji akate mwenyewe. Mwenyewe wa kwanza alikata kurasa chache za mwanzo, akachoka. Nyuma kote kulikuwa kumefungwa.

Mwalimu mkuu alikuwa amemwazima kwa siku moja, akamwonya akirudishe kama kilivyo, maana kitabu cha namna hiyo kikiwa hakijafunguliwa ndio uadimu wake. Na Alhamisi Ruot alikuwa na nafasi kwenye gari la kurudi kwao. Alisikia watu wa kijiji chao wamerudi. Habari za mama hakuwa nazo. Jana yake aliniambia mimi peke yangu kwamba safari hiyo ilimtia hofu, na kwamba lau angejua yule mpiga upinde alikuta nini, angekwenda na moyo mmoja. Nilimhurumia. Mtu mzima, mwenye chaki mfukoni, ameweka safari yake juu ya hadithi ya utotoni.

Nabei ndiye aliyekishika kwanza. Huyu ni Mturkana muuza mbuzi, tukimwita Waziri wa Mifugo. Alizipapasa kingo zile.

— Hii haina mwenyewe.

— Iko na mwenyewe, Ruot akasema. Ni ya shule.

— Mbuzi ikikosa alama kwa sikio, utasema ni ya nani? Hii haijakatwa sikio. Mwenye ataikata, ni yake. Hata chifu anajua hivyo.

Abdikafi alipinga. Jina lake la benchi lilikuwa Injinia, tangu alipobadilisha gurudumu la lori pale Kainuk huku risasi zinalia, na tangu siku hiyo hakuna jambo asilolijua.

— Mimi nimebeba mzigo toka Mombasa mpaka Loki. Kitu imefungwa, wewe hufungui. Kuna sababu ilifungwa.

Sababu yenyewe Kon alikuwa nayo tayari. Kon ni kijana wa Kidinka aliyekulia kambini, na Kiswahili chake ni cha Nairobi ingawa Nairobi amefika mara moja tu.

— Wasee, hamjiulizi? Mafuta imepatikana huku Turkana mwaka jana, lakini hao wazungu walikuwa wanajua kitambo. Ramani iko hapo ndani. Ndio maana walichapa sitini, si elfu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kata.

Methali hiyo haikuwa na kazi pale, lakini Kon huitia kila mahali kama chumvi. Nabei alikasirika, akataka kujua vipi ramani ya mafuta ya Turkana ifunguliwe bila Mturkana kukaa mbele. Tulimwambia amekaa mbele. Akasema basi asogezewe kahawa.

Kisha wakaanza kubishana juu ya mwisho wa hadithi. Injinia alisema mama alihamia mjini kitambo na nyumba akaipangisha, moshi ni wa mpangaji. Nabei akasema hapana, mama aliota ndoto, akachinja fahali mweupe, moshi ule ni wa nyama ya mwanawe. Kon akamaliza kwa kusema mpiga upinde alikufa maji kwenye mto wa pili, na aliyepanda kilima ni kivuli chake tu. Walicheka sana. Ruot hakucheka. Timiro aliliona hilo, akawaambia wamwache mtu asome.

— Fundi, Ruot akaniambia, nipe kisu yako.

Nilijua mwalimu mkuu atawaka. Nilimpa. Alikata polepole, ukurasa kwa ukurasa, karatasi zikitoa unga mweupe kwenye suruali yake. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Mto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kilima. Moshi. Baada ya moshi palikuwa na mstari mzima wa vinyota, na chini yake maandishi madogo. Ruot alitutafsiria.

— "Karatasi za mwisho hazipo. Nakala ya kale iliyobaki ni moja tu, nayo ilikutwa hivi."

Aliirudia mara mbili. Halafu akasema, sauti imeshuka:

— Padri alijua. Hapakuwa na kitu ya kusoma kesho. Alijua, akatuambia kesho.

Kon alisema basi padri alikuwa mwongo. Timiro akamkatiza. Alisema yeye aliwaambia wanawe kesho, kesho, tangu walipotoka kwao mpaka walipovuka mpaka, maana hakuwa na kitu kingine cha kuwapa.

Mama mmoja, Achol, alikuwa amesimama hapo muda wote, akingoja nimalize ndala za mtoto wake. Wiki mbili tu tangu aingie kambini kutoka Jonglei, ng'ambo ya mpaka. Kon alikuwa akimnong'onezea hadithi kwa Kiarabu cha Juba. Sasa alimwuliza Ruot swali moja, Kon akatutafsiria.

— Anauliza, huo moshi ni wa jikoni, ama ni wa nyumba kuungua?

Ruot alirudi ukurasani, akaweka kidole juu ya neno, akalisoma tena. Liliandikwa moshi, basi.

— Wa kwenu ulikuwa gani? akamwuliza Achol.

Kon akatafsiri jibu.

— Anasema aliuona akiwa tayari mbali. Hakurudi kuangalia.

Ruot alisogea, akampa nafasi aketi. Timiro aliinua birika, ikatoka nusu kikombe, akampa Achol.

— Basi mtu lazima apande hicho kilima, Ruot akasema. Hakuna mwenye ataniandikia mwisho.

Alhamisi aliondoka. Desemba vita vilirudi kwao, na namba yake ya simu haijaingia tena mpaka leo. Malori yanapotoka upande wa Loki huwa naacha sindano ndani ya kiatu, nasimama, natazama nani anashuka.